Jinsi ya kupima jeni zinazofunga kidonda kwenye ngozi ya nzi wa matunda, hatua kwa hatua

Hii ni kwa yeyote anayetaka kuanza kuchunguza jeni za kupona kidonda kwa kutumia nzi wa matunda, yule Drosophila melanogaster, na hajui aanzie wapi. Naandika vile ninavyofanya mwenyewe na zile sehemu ambazo naona watu wengi wanakosea. Kitu kimoja ukishike tangu sasa hivi: kabla hujamuumiza buu hata mmoja, jua ngozi yake isiyo na kidonda ikoje. Mi nilishapoteza karibu miezi minne nikiamini nimepata jeni mpya ya kidonda, kumbe ngozi ya wale mabuu ilikuwa imeshaharibika kabla hata kibano hakijawagusa. Nitarudi huko.

Kwanza, kwanini nzi na kwanini buu

Ngozi ya nzi ni rahisi kuielewa. Ni safu moja tu ya seli, juu yake kuna gamba ambalo seli zenyewe zimelitengeneza, na chini yake damu inazunguka wazi bila mishipa kama yetu. Akijeruhiwa damu inaganda, panatokea kigaga cheusi cha melanini, alafu seli za ukingoni mwa kidonda zinajinyoosha na kutambaa kuelekea katikati, nyingine zinaungana na kuwa seli moja yenye viini vingi, na ndani ya kama siku moja shimo limeziba. Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba kwa buu seli hazigawanyiki ili kuziba hilo shimo, zilezile zilizobaki ndo zinajitanua mpaka zinakutana.

Upande wa vinasaba nako mambo ni mepesi, kromosomu jozi 4 tu, jeni za kutengeneza protini kama 14,000 hivi, na kizazi kizima kinachukua karibu siku 10 ukiwaweka kwenye nyuzi joto 25. Tangu Thomas Hunt Morgan apate yule nzi mwenye macho meupe New York mwaka 1910 watu wamekuwa wakiongeza zana za kuchezea jeni za huyu mdudu, kwahiyo karibu jeni yoyote unayoitaja kuna mtu ameshatengeneza nzi wa kuizima.

Unaweza kutumia kiinitete, na kazi nzuri sana imefanyika huko. Kidonda cha kiinitete kinafunga kwa masaa machache, seli za ukingoni zinatengeneza kamba ya aktini inayokaza kama uzi wa mdomo wa mfuko, na kamba hiyo inahitaji protini iitwayo Rho1, wakati vile vidole vidogo vya seli vinavyoshikana mwishoni vinahitaji Cdc42. Lakini kiinitete kinataka leza na hadubini ya bei kubwa, na una muda mfupi sana. Nzi mkubwa naye ana mambo yake, seli zake zinaongeza DNA bila kugawanyika na kuungana zikawa kubwa mno, na hapo inahusika protini ya Yorkie, ya ile njia ya Hippo inayodhibiti ukuaji wa seli. Kwa anayeanza, nenda na buu wa hatua ya tatu, yaani kabla hajawa pupa. Ni mkubwa, unamshika kwa brashi, unamjeruhi kwa kibano tu, na unampasua bila kuhitaji mikono ya ajabu.

Hatua ya 1: anza na jeni ambayo jibu lake unalijua

Najua una jeni yako unayoipenda, iweke pembeni kidogo. Wiki za mwanzo fanya kazi na njia ya JNK, mnyororo wa protini unaopeleka taarifa ndani ya seli, maana hiyo imeshathibitishwa na kuthibitishwa tena kwamba bila yenyewe kidonda cha buu hakifungi vizuri. Kwa nzi, JNK yenyewe inaitwa basket, kifupi bsk, anayeiwasha anaitwa hemipterous, na chini yake kuna Fos, protini ya kuwasha jeni, ambayo kwa nzi inaitwa kayak. Galko na Krasnow ndo walioonyesha hili kwa mabuu mwaka 2004, na mpaka leo bsk ndo kipimo cha kujua kama mkono wako uko sawa. Ukizima bsk na vidonda vyako vyote bado vinafunga ndani ya masaa 24, usiandike chochote, kuna kitu umekosea. Na ukiona nzi wa kawaida hawafungi, vilevile.

Hayo majina yana sababu. Kiinitete cha nzi kuna wakati mgongo wake uko wazi na ngozi ya pande mbili inavutwa mpaka inakutana juu kama zipu, sasa jeni hizi zikiharibika mgongo haufungi, na gamba la kiinitete kinachokufa linabaki na tundu, ndo ukapata majina kama kikapu na mtumbwi. Kwa maana nyingine mwili unatumia vifaa vilevile kufunga mgongo wakati wa kukua na kufunga kidonda baadaye. Hilo lina athari moja kwa moja kwenye jaribio lako: ukitumia nzi ambao bsk imeharibika mwili mzima hutapata buu wa kumjeruhi, watakufa wakiwa viinitete. Ndo maana tunazima jeni kwenye ngozi tu.

Hatua ya 2: agiza nzi

Ingia FlyBase, tovuti ya jeni za nzi, tafuta jeni yako, utaona orodha ya stoku zilizopo, yaani koo za nzi zinazotunzwa. Nyingi utazipata Bloomington kule Indiana, nyingine Vienna, nyingine Kyoto. Kwa kila jeni chukua laini mbili za RNAi (nzi wanaotengeneza RNA ya kuzima jeni) zinazolenga vipande tofauti vya jeni hiyohiyo, sio mbili zinazolenga kipande kimoja. RNAi inaweza kuzima jeni nyingine ambayo hukukusudia, na ukiwa na laini moja tu huna njia ya kujua. Watu wanaona ni gharama ya bure, mi naona ndo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote kwenye kazi hii.

Utahitaji pia nzi wa kuwasha. Mfumo unaitwa Gal4 na UAS, Brand na Perrimon walioutoa mwaka 1993. Gal4 ni protini ya hamira, nzi hana yake, kwahiyo ukimwekea inafanya kitu kimoja tu, kuwasha chochote kilichofungwa nyuma ya UAS. Nzi mmoja anabeba Gal4 inayotokea kwenye ngozi tu, mwingine anabeba UAS na ile RNAi. Kila mmoja peke yake yuko salama, ukiwapandisha ndo watoto wao jeni inazimwa kwenye ngozi. Kwa ngozi ya buu tumia A58-Gal4 au e22c-Gal4. Kuna stoku ambazo Gal4 hiyo imeshaunganishwa na protini ya kijani kwenye utando wa seli na nyekundu kwenye kiini, ukiweza kupata hiyo chukua, itakuonyesha ngozi nzima bila kutia rangi yoyote.

Hatua ya 3: wapandishe

Chukua majike mabikira wa Gal4 na madume wa RNAi. Jike akitoka kwenye pupa, kwenye nyuzi 25, ana kama masaa 8 kabla hajakubali dume, kwahiyo toa nzi wote asubuhi alafu rudi kabla masaa hayo hayajaisha ukachukue waliotoka baada ya hapo. Jike mchanga kabisa utamjua, amepauka na tumboni anaonekana doa jeusi. Dume ana ncha ya tumbo nyeusi na vitana vidogo kwenye miguu ya mbele. Usibahatishe hapa, jike mmoja aliyeshapandwa anakuchafulia chupa nzima na hutajua mpaka siku ya kuhesabu.

Kama stoku yako ina kromosomu ya kusawazisha, ile yenye alama ya kuonekana inayozuia jeni kuchanganyika, angalia ni ipi. CyO inaonekana kwa nzi mkubwa tu kwa mabawa yaliyojikunja, kwa buu haikusaidii kitu. TM6B yenye Tubby ndo nzuri kwa kazi hii, buu anayeibeba ni mfupi na mnene, wale warefu wa kawaida ndo unaowataka. Wanafunzi wengi nimewaona wakijeruhi mabuu mchanganyiko alafu wanashangaa nusu vidonda vimefunga.

Na andaa kontroli, yaani makundi ya kulinganishia, siku hiyohiyo, kwenye chakula cha siku hiyohiyo: Gal4 ikipandishwa na nzi wa kawaida asiye na RNAi, na kundi la pili Gal4 na RNAi ya bsk.

Hatua ya 4: pata mabuu wa umri mmoja

Waache wazazi watage masaa machache alafu watoe. Kama siku 4 baadaye kwenye nyuzi 25 unakuwa na mabuu wa mwanzo wa hatua ya tatu. Wamwagie maji kwenye chakula, wachuje, waoshe, wapange kwa ukubwa. Usichukue wale walioanza kupanda ukuta wa chupa, hao wanatafuta pahala pa kuwa pupa na kidonda chako kitakuwa kinashindana na mabadiliko ya mwili mzima. Chupa isijae sana pia, mabuu wanaogombania chakula wanakuwa wadogo na kidonda kwao kinakuwa kikubwa kulinganisha na mwili.

Kuhusu joto: Gal4 inafanya kazi kwa nguvu zaidi kwenye nyuzi 29 kuliko 25, na kwenye 18 inafifia. Ukihisi RNAi yako ni dhaifu panda 29, lakini kontroli zote nazo zipande, na kumbuka wanakua haraka zaidi huko.

Hatua ya 5: angalia ngozi nzima kwanza

Hapa ndo nilipopoteza ile miezi. Kabla ya kidonda chukua mabuu kumi hivi wa kila kundi, wapasue, tia rangi, tazama. Ngozi ya kawaida ya buu ina seli za pembe nyingi, zimepangana kama vigae, kila moja na kiini kimoja, ukubwa unakaribiana. Jiulize: seli zipo zote? Umbo ni lile lile? Viini viko kimoja kimoja? Kuna matundu?

Mfano mzuri ni integrini, zile protini zinazoshikiza seli kwenye sakafu yake. Ukizizima kwenye ngozi ya buu, seli zinaanza kuungana zenyewe na kutengeneza mabaka yenye viini vingi bila hata kidonda. Sasa fikiria umeruka hatua hii, ukaenda moja kwa moja kumbana buu, ukaona seli kubwa zenye viini vingi pembeni ya kidonda, utaandika kwamba jeni hii inazuia seli kuungana wakati wa kupona, kumbe hali hiyo ilikuwepo mwili mzima tangu asubuhi. Hali yangu ilifanana na hiyo, jeni tofauti lakini kosa lilelile, seli zilikuwa nyembamba na zimevutika kabla ya chochote na mi nikawa nahesabu vidonda tu.

Ukikuta ngozi imeharibika usiitupe jeni. Punguza nguvu, shusha joto, au tumia Gal80, protini inayoizuia Gal4, ya aina inayozimika kwa joto, ili Gal4 iwake siku ya mwisho tu, alafu angalia tena. Kuna jeni nyingine ngozi haitakaa sawa hata ufanyeje, na hapo inabidi ukubali kwamba kwa njia hii huwezi kuiuliza swali la kidonda.

Hatua ya 6: mjeruhi

Kuna vidonda vya aina mbili. Cha kutoboa, kwa sindano nyembamba sana, kinapita gamba na ngozi, damu inatoka, kigaga kinatokea. Cha kubana, kwa kibano, kinaua seli za ngozi lakini gamba la juu linabaki zima, kwahiyo buu havuji na anaishi vizuri. Kwa kuuliza habari za seli kutambaa na kuziba, bana. Kwa kuuliza habari za damu na kigaga, toboa.

Walaze kwa etha dakika chache mpaka waache kujikunja. Etha inawaka moto kirahisi mno, fanya kwenye kabati la hewa, mbali na mwali wowote, funga chupa mara moja. Walaze kwenye slaidi yenye tepu, tumbo chini, mgongo juu, utaiona mirija miwili ya hewa inapita kwa urefu. Chagua pingili moja ya katikati ya mwili na usiibadilishe, kidonda kikae katikati ya ile mirija. Kibano kisiwe na ncha kali sana, ncha mpya inatoboa gamba, mi natumia kilichochakaa kidogo ambacho nimekisugua. Shika mkunjo mdogo wa ngozi, bana kwa sekunde chache, achia. Buu akitoka maji hata kidogo mtoe kwenye hesabu.

Tatizo la mwanzo la kila mtu ni vidonda kutolingana, na hakuna dawa zaidi ya kufanya vingi. Mtu mmoja ajeruhi makundi yote ya siku hiyo, na asijue kundi lipi ni lipi, mwambie mwenzako abandike namba kwenye chupa. Ukijua huyu ni bsk mkono wako utabana kwa nguvu zaidi bila wewe kujijua.

Watoe kwenye tepu kwa kuwalowesha na brashi yenye maji ya chumvi, usivute ukavu, utamchuna. Waweke kwenye chakula kipya, rudisha kwenye inkubeta, andika saa.

Hatua ya 7: subiri, lakini sio wote mpaka mwisho

Wengi utawasoma masaa 24 baadaye. Ila chukua wachache mara tu baada ya kubana, ili uwe na uhakika kwamba kidonda cha mwanzo kilikuwa na ukubwa sawa makundi yote. Bila hao, kidonda kidogo kilichoanza kidogo kitakudanganya kuwa kimepona.

Kama una nzi mwenye ripota ya puckered au misshapen, yaani lacZ inayowaka pale JNK inapofanya kazi, chukua na wengine masaa machache baada ya jeraha. Kwa nzi wa kawaida utaona rangi kali kwenye seli za ukingoni, inapungua kadri unavyoenda mbali na kidonda. Picha hiyo ni nzuri sana kuiona kwa macho yako mara ya kwanza, unaona kabisa taarifa za jeraha zinavyosambaa kwenye ngozi.

Hatua ya 8: pasua, tia rangi, soma

Mkate buu kwa upande wa tumboni, mfungue kama kitabu kwenye maji ya chumvi ya bafa, mtandaze kwa pini, toa utumbo na mafuta, gandisha kwa fomaldihaidi ya asilimia 3.7, ni sumu kwahiyo vaa glavu. Tumia kingamwili ya Fasciclin III kuonyesha mipaka ya seli. Kama una ile stoku ya kijani na nyekundu unaweza kuruka haya kwa buu wengi na kumweka mzima chini ya hadubini.

Weka maana ya neno limefunga kabla hujaanza kusoma, iandike, usiibadilishe katikati: kwangu mi limefunga maana yake hakuna pengo lolote lisilo na utando wa seli. Mabuu 30 kila kundi, rudia mara 3 kwa siku tofauti, linganisha uwiano wa vilivyobaki wazi.

Alafu usiishie kwenye wazi na fungwa, tazama ukingo. Hapa ndo jeni zinajitofautisha. Pvr ni kipokezi kwenye seli za ngozi na Pvf1 anayekiamsha anasafiri kwenye damu, ngozi ikipasuka Pvf1 anakutana na seli ambazo kwa kawaida hamfikii. Ukizima Pvr kidonda kinabaki wazi kama ulivyozima bsk, ila ukingo wake ni tofauti, seli hazitoi vile vidole vya kutambaa kuingia kwenye pengo. Ukihesabu tu wazi na fungwa utaona jeni mbili zenye jibu moja, ukitazama ukingo unaona ni kazi mbili tofauti.

Hatua ya 9: hakikisha ni ngozi kweli

Kigaga na ngozi vinaendeshwa na jeni tofauti. Nzi walioharibika jeni ya lozenge hawana seli za kristali kwenye damu, zile za kutengeneza kigaga, kigaga hakitokei, lakini JNK kwenye ngozi inawaka. Na waliozimwa JNK wanatengeneza kigaga vizuri tu huku ngozi haifungi. Kwahiyo kama buu zako zinakufa baada ya kutobolewa, usikimbilie kusema ngozi imeshindwa, huenda ni damu.

Kurekebisha lile gamba la juu nako kuna bosi wake, grainy head, anayewasha jeni kama Ddc na ple, za kukaza gamba, kwenye seli za jirani ya jeraha. Panya wana ndugu yake anaitwa Grhl3, na bila yeye ngozi yao nayo haizuii maji vizuri na vidonda vya viinitete vyao havifungi. Kama jeni yako inagusa gamba, ipime na ripota hizo, kibano peke yake hakitakuonyesha.

Mwisho rudia kila kitu na laini ya pili ya RNAi. Zikikubaliana, jaribu pnr-Gal4, hiyo inawaka kwenye eneo la mgongoni tu la kila pingili, kwahiyo kwenye buu mmoja una seli zilizozimwa na jirani zake ambazo ni za kawaida. Bana pale mpakani. Seli za kawaida zikitambaa na zilizozimwa zikabaki zimekaa palepale, hapo mi huwa naita wenzangu waje waangalie kwenye hadubini.